Maseneta mezani au mlangoni: McKinley na Wilson

Katiba ya Marekani haipitishi mkataba bila theluthi mbili ya kura za maseneta. Rais anayetafuta amani basi ana njia mbili: awashirikishe mapema, au awapelekee chungu kikiwa kimeshaiva.

Rais William McKinley, 1898, katika vita na Uhispania, alichukua ya kwanza. Kwenye ujumbe wake wa watu watano waliokwenda Paris, watatu walikuwa maseneta. Mmoja wao, George Gray, alikuwa wa chama pinzani, tena hakutaka Ufilipino, koloni la Uhispania, ichukuliwe na Marekani. Wakosoaji walisema hiyo ni hila: mtu anajadili mkataba, kisha anarudi kuupigia kura yeye mwenyewe. Hila au siyo, Gray aliupigia kura ya ndiyo. Februari 1899 mkataba ukapita 57 kwa 27, kura moja tu juu ya kiwango.

Rais Woodrow Wilson, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikwenda Paris mwenyewe, bila seneta hata mmoja. Julai 1919 akauleta mkataba wa Versailles, wa amani na Ujerumani, umekamilika. Henry Cabot Lodge, mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya mambo ya nje, alikaa akausoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, karibu wiki mbili. Kisha akadai masharti ya ziada. Wilson akawaambia wafuasi wake wayakatae. Machi 1920 mkataba wenye masharti hayo ukapigiwa kura 84, idadi ileile ya 1899: 49 kwa 35. Zilipungua saba.

Mimi ningemfuata McKinley, ingawa Wafilipino hakuna aliyewauliza.