Kipima raundi cha kujitengenezea, chini ya elfu kumi: nimekitumia kwa Starlet yangu

Mimi hukimbiza Starlet kwa autokrosi (mbio fupi za magari za kupimwa muda) hapa Nairobi, na kwa muda mrefu kipimo changu kilikua ndugu yangu mdogo amesimama kando ya mstari na stopwochi ya simu. Kidole kikichelewa kidogo tu raundi imeharibika, na ukiwa unatafuta nusu sekunde kwa kona moja hutajua kama umeipata ama ni kidole. Vile vipimo vya kuagiza nje, ukiweka usafiri na ushuru, ni bei ya tairi mpya, nikaona wacha nijitengenezee.

Vitu ni vitatu: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye Bluetooth), moduli ya GPS aina ya u-blox NEO-M8N na antena yake, na programu ya RaceChrono kwa simu. GPS inasoma mahali gari iko, ESP32 inarusha kwa Bluetooth, simu ndio inahesabu. Wenye RaceChrono wametoa wazi maelezo ya jinsi kifaa cha kujitengenezea kinafaa kuongea na programu yao, kwa hivyo hakuna kubahatisha, na inashika Android na iPhone.

Pesa yako weka kwa GPS, hapo usibane. Simu nyingi zinasoma mahali ulipo mara moja tu kwa sekunde, na ukiwa na kasi ya kilomita 90 kwa saa gari inakula mita 25 kwa hio sekunde moja, so katikati hapo programu inakisia. Ukiwa na mwendo ule ule si mbaya, lakini ukianza kukanyaga breki makisio yanapotea. M8N inaweza kusoma mara 10 kwa sekunde, yaani kila mita mbili na nusu, na hapo sasa unaona hadi mahali umeachilia breki.

Na hapo ndio niliumia. Moduli ya kwanza nilinunua duka moja huko tauni, kibandiko kimeandikwa M8N vizuri kabisa, jamaa akaniambia "boss hiyo ni orijino, usijali". Nikaipanga mara 10 kwa sekunde, nikahifadhi, nikajaribu, fiti. Asubuhi ya siku ya mbio nawasha, imerudi mara moja kwa sekunde kama haijawahi guswa!! M8N ya ukweli ina memori yake ya ndani, ukihifadhi inakaa hata ukitoa umeme. Ile yangu ilikua inashikilia na kabetri kadogo tu, kakiisha imesahau yote. Nilirudi dukani na hawakunirudishia hata shilingi, na bado nina uchungu. Kwa hivyo ukinunua hifadhi, chomoa usiku kucha, kesho angalia, kabla hujalehemu waya hata moja. Pia pandisha spidi ya data kwa waya kati ya GPS na ESP32 kutoka biti 9600 kwa sekunde hadi 115200, kwa sababu 9600 haiwezi kubeba masomo 10 kila sekunde, data inakatika.

Antena weka juu ya paa, chuma ya paa chini yake inasaidia. Mimi mwanzo niliibandika kwa dashibodi karibu na dashikamu ya bei rahisi, satelaiti zikawa zinaingia na kutoka, nikichomoa dashikamu zinarudi zote. Umeme nao usitoe kwa soketi ya kiberiti, ukipiga stata volti inashuka na ESP32 inajiwasha upya, pawabenki ndogo imenitosha.

Kitu kingine ni pale unaweka mstari wa kumalizia kwa programu. Uweke mahali gari inaenda kasi na imenyooka, si kwa kona. GPS ikikosea mita moja ukiwa na 90 umekosea sekunde 0.04, lakini ukiwa na 36 kosa hilo hilo ni 0.1, na hio ni nyingi ukilinganisha raundi zako mwenyewe. Kuna mtu aliniambia nitumie miale ya infraredi pale mstarini, sikukubali, vumbi letu mnalijua, litaziba miale.

Kwa kutoa matokeo rasmi ya watu wote sitaipendekeza, waandaaji wabaki na mitambo yao. Kwa kujifunza ni kitu ya maana sana. Nililinganisha raundi mbili na nikaona kwa ile kona ya kushoto baada ya mteremko nilikua nashika breki mita kama nane mapema kuliko raundi yangu nzuri, kila mara, na nilikua naapa kwamba shida ni gia. Fundi wangu alikua ashaanza kunihesabia bei ya giaboksi.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimetoa kwa sababu ya kulehemu, waya za moduli ni nyembamba na barabara ya vumbi inatikisa, yangu imekatika mara mbili. Sahii nimemwaga gundi ya moto juu ya viungo vyote na haijakatika tena.