Google Scholar kwa insha ya utafiti: hodari wa kutafuta, goigoi wa kukufikisha

Tangu ilipozinduliwa Novemba 2004, Google Scholar, mashine ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma, imekuwa ndiko wanafunzi wengi wa chuo wanakoanzia kusaka marejeleo. Ni ya bure, haidai akaunti, na inafunguka vizuri hata kwenye simu. Hapa tunaipima kwa kazi moja mahususi: insha ya utafiti kuhusu vijiji vya ujamaa Tanzania. Mada hii ina maandishi mengi ya Kiingereza, kiasi cha Kiswahili, na shehena ya nyaraka ambazo hazijawahi kufika kwenye intaneti, kwa hiyo inaonyesha haraka chombo kinafaa wapi na kinakwama wapi.

Ukiandika "ujamaa" peke yake umejitakia. Kwa Wamarekani weusi, ujamaa ni kanuni ya nne ya sikukuu ya Kwanzaa, hivyo makala za huko zitachanganyika na za Dodoma na Rufiji. Andika ujamaa Tanzania -Kwanzaa, alama ya kutoa ikiwa imeshikana na neno bila nafasi. Kisha kuna tatizo la tahajia ya neno la Kiingereza la kuhamishia watu vijijini: waandishi wa Marekani huandika villagization, wengi wa Uingereza villagisation. Yaandike yote mawili ukiyaunganisha kwa OR (yaani "au") ya herufi kubwa. Ukiweka herufi ndogo, itahesabiwa kuwa neno kama maneno mengine.

Kwa Kiswahili hali ni ngumu zaidi, na hili wakufunzi wengi hawalisemi darasani. Mashine hii imezoea lugha zinazobadilika mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadilika mwanzoni, tena hakibadiliki peke yake: "kijiji cha ujamaa" kikiwa wingi, ki- na cha vyote vinageuka. Usitarajie kwamba ukitafuta umbo moja utaletewa na jingine. Andika "kijiji cha ujamaa" OR "vijiji vya ujamaa", kila kirai ndani ya alama zake za kunukuu. Fanya vivyo hivyo kwa mkulima na wakulima, shamba na mashamba. Matokeo yatabaki machache, lakini mengi yatakuwa ya mada yako.

Ukitaka kazi za mwandishi fulani, andika author: na jina la ukoo bila kuacha nafasi, kwa mfano author:shivji. Jina likiwa la kawaida, ongeza herufi ya kwanza ya jina la mwanzo na uvifunge pamoja kwenye alama za kunukuu, maana mara nyingi majina ya mwanzo huhifadhiwa kwa herufi hizo tu. Neno intitle: nalo hulazimisha neno liwe kwenye kichwa cha makala. Ukibaki na maelfu ya matokeo, usihangaike kuyafungua kurasa kwa kurasa. Scholar haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji wowote, hata ikidai ina laki moja.

Mpangilio wa matokeo unahitaji macho. Kazi zilizonukuliwa sana hupanda juu, kwa hiyo ukurasa wa kwanza utajaa maandishi ya miaka ya 1970 na 1980. Si vibaya kwa historia, ila msimamizi atauliza wanahistoria wa karibuni wanasemaje. Weka kichujio cha miaka upande wa kushoto; kwenye simu kimejificha ndani ya menyu. Usibonyeze kupanga kwa tarehe ukidhani ni kitu kilekile: chaguo hilo huleta tu vilivyoongezwa ndani ya mwaka mmoja uliopita.

Sasa tufike kwenye sababu hasa ya kuitumia. Chini ya kila tokeo kuna kiungo cha Cited by chenye idadi. Kibonyeze, utapata orodha ya kazi zilizoandikwa baadaye zikiinukuu hiyo. Juu ya orodha kuna kisanduku cha kutafuta ndani ya kazi hizo tu. Chukua makala moja nzuri ya zamani kuhusu uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa wa 1973 hadi 1976, fungua waliomnukuu mwandishi, tia alama kwenye kisanduku hicho, kisha andika Rufiji au Iringa. Kwa hatua hizo nne unaona mjadala ulivyosogea, nani alimpinga nani, na mkoa gani umeandikwa kidogo. Katalogi ya kawaida ya maktaba haikufanyii kazi hiyo.

Kupata makala yenyewe ndipo uvivu wake unapoanza. Upande wa kulia kukiwa na alama ya PDF, pakua. Kusipokuwa nayo, bonyeza All versions chini ya tokeo; mara nyingi nakala ya bure iko kwenye hifadhi ya chuo cha mwandishi. Ikishindikana, hamia kwingine. JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, humruhusu mwenye akaunti ya bure kusoma mtandaoni makala 100 kila siku 30, na kwa historia ya Afrika hiyo ni neema. African Journals Online, ambayo wengi huiita AJOL, ina mamia ya majarida ya bara hili, mengi yakiwa ya bure kabisa. Research4Life nayo hufungua majarida ya kulipia kwa taasisi za Tanzania na Uganda bila malipo, lakini akaunti ni ya taasisi, haigawiwi mtu mmoja mmoja. Mfuate mkutubi akuelekeze jinsi chuo chako kinavyoingia. Nywila ya kuokoteza kwenye kundi la WhatsApp inaweza kufungiwa na kukatisha chuo kizima.

Kuna mpangilio wa Library links kwenye settings, unaoruhusu kuchagua hadi maktaba 5. Maktaba ya chuo chako ikiwa imejisajili, viungo vyake vitatokea pembeni ya matokeo. Isipokuwepo kwenye orodha, huna la kufanya wewe. Ni kazi ya maktaba.

Viungo vya tasnifu kwenye hifadhi za vyuo vyetu hufa mara kwa mara, seva ikizimwa au anwani ikibadilishwa. Nakili kichwa cha tasnifu, kifunge kwenye alama za kunukuu, ukitafute kwenye CORE, mtandao unaokusanya kazi za bure kutoka hifadhi za vyuo, au Google ya kawaida. Angalia na ukubwa wa faili kabla ya kupakua kwa bando: tasnifu za zamani ni picha za kurasa, nzito, na huwezi kutafuta neno ndani yake. Mwaka unaoonyeshwa nao unaweza kuwa wa kupakiwa, si wa kuandikwa. Thibitisha kwenye ukurasa wa jalada.

Kitufe cha Cite kinasaidia kuandika rejeleo kwa mtindo wa APA, MLA, Chicago na mingine miwili, lakini kukinakili bila kusoma ni kujitafutia alama nyekundu. Vichwa huja kwa herufi kubwa tupu, majina hugeuzwa mbele nyuma, wachapishaji hupotea. Zotero, programu ya kutunza marejeleo, nayo ya bure, huhifadhi taarifa kwa mpangilio, na hata humo unapaswa kurekebisha.

Scholar haina kichujio cha makala zilizopitiwa na wanataaluma. Jarida la kweli, jarida la kitapeli na mada ya semina hukaa safu moja. Ukikuta jarida usilolijua, litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya bure yaliyokaguliwa, au kwenye AJOL uone lina nyota ngapi za ubora, moja hadi tatu. Jarida lisilo na nyota si lazima liwe bovu, lakini litafutie uthibitisho mwingine. Kero nyingine ndogo: kwenye mtandao wa chuo, mashine huweza kudhani msongamano wa wanafunzi ni roboti na kukutaka ubofye picha za taa za barabarani. Hamia data ya simu, uendelee.

Alama zetu: 4 kati ya 5 kwa makala za majarida, 2 kwa vyanzo vya Kiswahili, 0 kwa nyaraka za wakati wenyewe. Gazeti la Uhuru la 1974 hulipati humo. Hilo ni la kwenye rafu, na kwa Dar es Salaam pa kuanzia ni mkusanyiko wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Matokeo ya Scholar yenye alama ya CITATION, yasiyo na kiungo chochote, usiyapuuze: ni kazi zilizotajwa na wengine bila nakala ya mtandaoni. Yaandike kwenye karatasi, mwandishi, kichwa na mwaka, pamoja na tarehe za magazeti unayotaka. Kama wewe si mwanafunzi wa hapo, chukua na barua ya utambulisho ya chuo chako, uende nayo dawatini asubuhi kabla foleni haijaanza.