Samyang ya milimita 14, kwa anga ya Tanga

Sifa nyingi za lenzi hii zimeandikwa na watu wanaoipeleka jangwani, kwenye matuta ya Namibia, ambako hewa ni kavu na adui ni mchanga. Mimi naitumia Tongoni, kwenye magofu na makaburi ya kale kusini mwa mji wa Tanga. Huku adui ni umande na chumvi.

Niliinunua ya mtumba kwa sababu moja: upana. Kuanzia Juni hadi Agosti kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota wa galaksi yetu, pale baina ya makundi ya nyota ya Nge na Mshale, hupita juu sana kwetu, si chini kwenye upeo kama wanavyokiona watu wa Ulaya. Kwa lenzi nyembamba utapata nyota bila magofu, au magofu bila nyota. Hii ukiisimamisha wima inabeba vyote, na kwa f/2.8, yaani tundu lake likiwa wazi kabisa, inakusanya mwanga wa kutosha. Kamera yangu ni ya kihisio kidogo, kile kipande kinachopokea mwanga. Naacha shata wazi sekunde 20, ISO 3200 (wepesi wa kihisio kwa mwanga), na nyota zinabaki vitone. Ninaipenda mno kwa hilo.

Haijifokasi yenyewe. Kwa harusi ni usumbufu, kwa nyota si hasara hata kidogo. Usitegemee tu alama ya ukomo (∞) iliyo kwenye lenzi: chagua nyota angavu karibu na kundi la nyota la Salibu, ikuze kwenye skrini, zungusha pete ya fokasi polepole mpaka iwe kitone kidogo kabisa, kisha bandika utepe pete isisogee.

Sasa umande. Kioo cha mbele kimebenuka, hakipokei filta ya kawaida, kwa hiyo chumvi inatua juu yake moja kwa moja. Usiku usio na mawingu kioo hupoa kuliko hewa inayokizunguka, na unyevu wa bahari unatanda. Wenzangu, jazeni soksi mchele mkavu uliopashwa moto kikaangoni, muifunge kuzunguka lenzi. Joto dogo linatosha. Chumvi ikishakauka usiisugue. Puliza kwanza, ndipo upitishe kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Wakati wa kusi, ning'iniza begi kwenye stendi ya kamera isitikisike.

Mistari iliyonyooka huipinda, na upeo wa bahari ndio unaoonyesha zaidi. Uweke katikati ya picha, au uunyooshe baadaye kwenye kompyuta.

Masika ikija naielekeza kwenye radi: f/8 (tundu dogo zaidi), ISO 100, sekunde 15, shata moja baada ya nyingine bila kupumzika. Upana wake unakusaidia, maana hujui umeme utachora wapi. Lakini nawasihi, msisimame ufukweni na stendi ya chuma. Sekunde kati ya mwanga na ngurumo ukizigawa kwa 3 unapata kilomita, na ngurumo ikishasikika tu, uko karibu vya kutosha kupigwa. Mimi hupiga nikiwa ndani, dirisha limefungwa, taa zimezimwa, lenzi imesogezwa karibu kabisa na kioo ili chumba kisijionyeshe.