Roboti Imefaulu, Bilauri Inaelea: Uzoefu Wangu na Huduma ya Majaribio Pepe

Ni muda mrefu sijakasirishwa na programu kama nilivyokasirishwa na huduma hii ya kulipia, ambayo maabara yetu iliichukua mwaka jana ili kujaribu roboti za kazi za nyumbani ndani ya nyumba za kuigwa kwenye kompyuta kabla ya kuzikabidhi vyombo halisi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: roboti iingie jikoni, itoe bilauri kwenye sinki na kuiweka mezani. Mkono ulinyooka vizuri, kisha vidole vikasimama umbali wa kiganja kizima kutoka kwenye bilauri, nayo ikaruka yenyewe, ikaganda hewani, ikasafirishwa hivyo hivyo hadi mezani, ambako kitako chake kilizama nusu ndani ya ubao. Papo hapo yakatokea maandishi ya kijani: kazi imefaulu.

Najua kwamba uigaji una njia zake za mkato. AI2-THOR, programu ya nyumba pepe za kufundishia roboti iliyotolewa na Taasisi ya Allen ya Akili Bandia ya Seattle, Marekani, mwaka 2017, nayo huiruhusu roboti kuokota kitu kwa amri moja bila kukokotoa mguso wa vidole, lakini hilo limeelezwa waziwazi kwa watumiaji, na mwaka 2020 taasisi hiyo hiyo ilileta RoboTHOR, yenye vyumba pepe ambavyo baadhi yake vilijengwa pia kihalisi, vikiwa na samani za kweli, ili tofauti kati ya kompyuta na chumba halisi ipimwe. Hawa wetu wanatuuzia alama za ustadi wa mkono ilhali mkono haugusi kitu!

Niliwaandikia kwa adabu na kuambatanisha video. Mhudumu akanijibu kwa mstari mmoja, bila hata salamu, kwamba bilauri imefika mezani na wateja wengine hawalalamiki.

Kwa upande wa mwendo, lazima niwatendee haki: roboti yetu ilijifunza humo kukwepa viti na kupita kwenye milango myembamba, na tulipoiwasha kwenye chumba halisi haikugonga chochote, kiasi kwamba nilikuwa tayari kusema huduma inastahili bei yake. Lakini mzee ambaye mikono yake inatetemeka hahitaji roboti ya kuzurura sebuleni. Anahitaji itakayompa maji bila kumpasulia bilauri mapajani, na jambo hilo ndilo wanalolipitisha kwa rangi ya kijani. Anayetaka kupima mwendo tu ailipie kwa mwezi, asifunge mkataba wa mwaka. Sisi tumeshadai fedha zetu zilizobaki.