Uzoefu wangu: albamu nne za mwanzo za OutKast na namna ya kuzisikiliza

Usianze na vibao vya redioni vya OutKast, kundi la rap la Big Boi na André kutoka Atlanta, Marekani. Sikiliza albamu nne za mwanzo kwa kufuata miaka, moja kwa siku, bila kuchanganya mpangilio wa nyimbo, na utafute spika yenye besi ya kweli. Kwenye spika ya simu, Southernplayalisticadillacmuzik (1994) inapoteza nusu ya utamu wake, kwa kuwa pale besi ndiyo inayoimba. Maprodyuza wake, Organized Noize, walikuwa na maskani yao kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mama yake Rico Wade, Atlanta, na walipenda magitaa na vinanda vya kupigwa kwa mkono kuliko kukata vipande vya santuri za zamani. Big Boi na André wanaghani vizuri, ila biti ndiyo inayowabeba.

ATLiens (1996) inageuza kila kitu. Sasa wana mashine zao, na baadhi ya biti wanatengeneza wenyewe, ikiwemo ya "Elevators". Muziki unapoa: mwangwi mwingi, besi chache, nafasi tupu kati ya pigo na pigo. "E.T." haina ngoma kabisa! Wengi huiona albamu hii baridi kwa sababu wanaisikiliza kwenye kelele, na ile mwangwi inapotea. Vaa hedifoni, usiku. Kwangu hii ndiyo bora kuliko zote, kwani ule utupu unakulazimisha ufuate kila neno, na uandishi wa André umekomaa ghafla.

Aquemini (1998) inarudisha wapiga vyombo, safari hii kwa uhuru mkubwa. Kinanda cha mdomo katika "Rosa Parks" kinapulizwa na baba wa kambo wa André, mchungaji. "SpottieOttieDopaliscious" inapita dakika 7 ikiongozwa na matarumbeta, na "Liberation" inakaribia 9. Usiziruke kwa kuona zinachelewa. "Mamacita" ndiyo pekee ninayoiona dhaifu.

Stankonia (2000) ni mbio. "B.O.B." inakwenda mapigo kama 155 kwa dakika, ikiwa na gitaa la umeme na kwaya ya injili ya Morris Brown College. Sauti zimesongamana sana, kwa hiyo kama uliongeza besi kwa albamu ya kwanza, ipunguze hapa, la sivyo kwaya inamezwa.