Vifaa vya bure vya GRE: vinatosha kwa maswali ya kuhesabu njia, uwezekano na mifuatano?

Anayejiandaa kwa GRE, mtihani wa kuombea nafasi ya masomo ya uzamili, hapa Nairobi hushawishiwa mapema alipie darasa la Jumamosi mjini. Kabla hajatoa shilingi, ajue kwamba ETS, shirika linalotunga mtihani wenyewe, linatoa bure vitu vitatu: kijitabu cha PDF cha marudio ya hesabu kiitwacho Math Review, majaribio mawili kamili ya POWERPREP kwenye intaneti, na mwongozo wa video za Khan Academy zinazolingana na mada za mtihani. Mapitio haya yanavipima vifaa hivyo kwa aina tatu tu za maswali, zile zinazowatoa watu jasho: kuhesabu njia, uwezekano, na mifuatano ya namba. Hukumu ni hii: kwa aliyepita hesabu za kidato cha tatu vizuri, vinatosha. Lakini vina pengo moja kubwa. Vinafundisha kanuni vizuri kuliko vinavyofundisha kutambua ni kanuni ipi inayohitajika, na pengo hilo ndilo linalokula alama.

Tuanze na kijitabu. Kina sehemu nne: hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na uchambuzi wa data. Kuhesabu njia na uwezekano viko katika sehemu ya nne. Usichapishe kitabu kizima. Peleka faili saiba, uwaambie wakutolee sehemu hiyo peke yake na waifunge kwa spairo, kwa sababu utaiandika pembezoni mpaka ichakae. Mazoezi yako mwishoni mwa sehemu pamoja na majibu. Sifa yake kubwa ni kwamba hakianzi na kanuni za faktoria (namba ikizidishwa na zote zilizo chini yake hadi 1, kama 3! = 3 × 2 × 1). Kinaanza na wazo la kuzidisha: ukiwa na njia 3 za kufanya jambo la kwanza na njia 4 za kufanya la pili, una njia 12. Anayelishika wazo hilo hahitaji kukariri mengi.

Kuna daraja ambalo kijitabu hakilijui, maana hakikuandikiwa mwanafunzi wa Kenya. Mtaala wa KCSE haufundishi mipangilio (nafasi ya kila kitu ikiwa na maana) na teuzi (nafasi isipokuwa na maana) kama mada, na ndiyo maana wengi hudhani hilo ni jambo geni kabisa. Si geni. Ile pembetatu ya Pascal ya kidato cha tatu, iliyotumika kufungulia mabano, ni jedwali la teuzi. Ile 1 ya juu kabisa ni mstari wa 0, na ndani ya mstari pia huanza kuhesabiwa kwa 0. Mstari wa 5 unasomeka 1, 5, 10, 10, 5, 1: kati ya watu watano, njia za kuchagua wawili ni 10. Mstari wa 10 unaanza 1, 10, 45, 120: kati ya watu kumi, njia za kuchagua watatu ni 120. Andika mistari hadi wa 10 kwenye jalada la ndani la daftari lako, uone jinsi majibu ya kijitabu yanavyojitokeza humo.

Sasa lile pengo. Mbele ya kila swali la kuhesabu, uliza kwanza: nikibadilishana nafasi za vitu viwili nilivyochagua, je, nimepata jambo jipya? Chama cha watu kumi kikichagua mwenyekiti na mweka hazina, kubadilishana kunaleta uongozi mwingine, kwa hiyo ni 10 × 9 = 90. Kikichagua wajumbe wawili wa kwenda benki, kubadilishana hakuleti kitu, kwa hiyo 90 inagawanywa kwa 2 na kuwa 45. Watu ni walewale, chama ni kilekile, lakini jibu moja ni nusu ya lingine. Kijitabu kinaeleza tofauti hii, ila mazoezi yake hayatoshi kuifanya iwe mazoea. Jitungie jozi kumi za namna hii kabla ya kusonga mbele.

Kosa baya kuliko yote liko kwenye neno “angalau”. Chukua chama hichohicho: wanawake 6, wanaume 4, wanachaguliwa watu watatu, angalau mmoja awe mwanamume. Wengi huanza kwa kumtenga mwanamume mmoja, njia 4, kisha huchagua wawili kati ya tisa waliobaki, njia 36, na kupata 144. Jibu hilo linajipinga lenyewe, kwa maana kamati zote zinazowezekana, bila sharti lolote, ni 120 tu. Kilichoharibika ni kuhesabu mara mbili. Kamati yenye Juma, Otieno na Wanjiku imehesabiwa Juma alipotengwa kwanza, ikahesabiwa tena Otieno alipotengwa. Yenye wanaume watatu imehesabiwa mara tatu. Njia salama ni kuhesabu kinyume chake: kamati zisizo na mwanamume hata mmoja ni 20, kwa hiyo zenye angalau mmoja ni 120 − 20 = 100. Ukitaka kuhakikisha, gawanya: mwanamume mmoja tu, 4 × 15 = 60; wawili, 6 × 6 = 36; watatu, 4. Jumla 100. Mazoea ya kulinganisha jibu na jumla kubwa yachukua sekunde tano na yanakamata kosa hili kila linapovuka jumla. Lisipovuka, njia ya kinyume ndiyo kinga.

Herufi zinazojirudia ni jambo dogo likieleweka. Neno MATATU lina herufi sita, A mbili na T mbili, kwa hiyo mipangilio ni 6! yaani 720 ÷ (2 × 2) = 180. Swali likisema A zisikae pamoja, zifunge kama kitu kimoja, vitu viwe vitano, uhesabu 5! yaani 120 ÷ 2 = 60, kisha utoe: 180 − 60 = 120.

Kwenye uwezekano kijitabu kina maelezo safi, na video za Khan Academy zinasaidia zaidi hapa kuliko kwingine kwa sababu mtu anaona mchoro wa matawi ukichorwa hatua kwa hatua. Tahadhari ni moja: kurudisha au kutorudisha. Kreti ina maembe 12, matatu yameoza, unachukua mawili bila kuangalia. Uwezekano wa yote mawili kuwa mazima ni 9/12 × 8/11 = 6/11, kwa hiyo uwezekano wa kupata angalau bovu moja ni 5/11. Anayesahau kwamba embe la kwanza limekwisha toka huandika 9/12 × 9/12 na kumaliza na 7/16. Ubaya ni kwamba 7/16 huweza kuwa mojawapo ya majibu uliyopewa, limewekwa makusudi kumsubiri mtu wa aina hiyo. Kuona jibu lako kwenye orodha si ushahidi kwamba umepata.

Zoezi jingine zuri: PIN ya tarakimu nne, kila tarakimu ikichaguliwa kwa bahati. Uwezekano wa tarakimu kujirudia ni upi? PIN zote ni 10,000; zisizo na marudio ni 10 × 9 × 8 × 7 = 5,040; zilizobaki ni 4,960, yaani 0.496. Karibu nusu. Hisia husema ni kidogo zaidi, na ndiyo sababu kwenye mada hii hesabu iandikwe, isikisiwe.

Mifuatano ndiyo sehemu dhaifu ya kijitabu. Hakuna hata moja kati ya sehemu zake nne iliyobeba mada hii kwa jina. Hapa rudi kwenye daftari la kidato cha tatu, au fungua somo la mifuatano katika Algebra 1 ya Khan Academy. Mfuatano wa kuongeza kiasi kilekile unawashinda watu kwa hatua moja tu: mwanachama akianza na shilingi 500 na kuongeza 50 kila mwezi, mwezi wa 24 hutoa 500 + 23 × 50 = 1,650, si 1,700, kwa kuwa mwezi wa kwanza haukuongezwa kitu. Jumla ya miezi yote ni 24 × (500 + 1,650) ÷ 2 = 25,800.

Lakini swali la mtihani hupenda kuficha mzunguko. Kila namba ni 1 kutoa (1 ÷ iliyotangulia), na ya kwanza ni 2. Ya mia ni ipi? Usitafute kanuni. Andika nne za mwanzo: 2, 1/2, −1, 2. Imerudi, kwa hiyo mzunguko ni wa tatu. Mia ukigawanya kwa tatu inabaki 1, kwa hiyo jibu ni namba ya kwanza, yaani 2. Vivyo hivyo tarakimu ya mwisho ya 7 kipeo 2027: mzunguko ni 7, 9, 3, 1, 2027 kwa nne inabaki 3, jibu ni 3. Mabaki yakiwa sifuri, chukua namba ya mwisho ya mzunguko, si ya kwanza. Hapo ndipo wengi hujikwaa.

POWERPREP ndiyo hazina ya kweli, na ndiyo inayotumika vibaya zaidi. Majaribio ya bure ni mawili tu, usilifungue moja kwa udadisi. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa: sehemu ya kwanza ya hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21, ya pili 15 kwa dakika 26, na ugumu wa ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Hiyo ni dakika moja na robo tatu kwa swali. Jaribio linakuzoesha kuweka alama kwenye swali na kulirudia ndani ya sehemu hiyo, ustadi unaofaa sana kwa maswali ya kuhesabu njia: sekunde 30 zikipita bila kujua pa kuanzia, weka alama, endelea. Linakuonyesha pia kikotoo cha kwenye skrini jinsi kilivyo. Hakina kitufe cha faktoria wala cha kipeo, na kinaonyesha tarakimu nane tu. Kwa hiyo 12! ÷ 10! ifupishwe kwa mkono kuwa 12 × 11. Fanya jaribio la kwanza baada ya kumaliza sehemu ya nne ya kijitabu, la pili wiki moja kabla ya mtihani, mahali ambapo stima haipotei ovyo.

Baada ya la kwanza, kila kosa liandikiwe sababu yake kwa neno moja: nafasi, kurudisha, mara mbili, hatua, mzunguko. Neno linalojirudia ndilo somo la wiki inayofuata.

Kwa anayelenga GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, vifaa hivi vinamfaa nusu. Hesabu za njia ni zilezile, ila huko ni maswali 21 kwa dakika 45 bila kikotoo kwenye sehemu ya hesabu, na watungaji wake wana majaribio yao mawili ya bure.

Na kwa atakayefanya GRE nyumbani: karatasi ya kawaida hairuhusiwi mezani. Unatakiwa kuwa na ubao mdogo mweupe, au karatasi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, pamoja na kalamu ya kufutika. Duka lolote la vifaa vya ofisi mjini lina mifuko hiyo. Nunua mapema na ufanyie mazoezi juu yake, kwa sababu mchoro wa matawi wenye ngazi tatu hujaza mfuko mzima, na kufuta katikati ya hesabu ndiko kunakopoteza sehemu moja ya matawi.