Outspan ya Nyeri: Hoteli, Hekaya na Yaliyoachwa Nje

Karibuni sana, watazamaji wangu. Leo tunachambua hoteli ya zamani ya nchi ya milimani: Outspan, pale Nyeri. Bei ya chumba sitaigusa, maana hubadilika kila msimu. Piga simu mwenyewe uulize. Ninachotaka kupima ni kile ambacho kimewaleta wageni hapa kwa karibu miaka 100, yaani historia yake. Je, inatosha kukutoa Nairobi, mwendo wa kilomita kama 150? Kwangu mimi inatosha kabisa, ila uipate nzima.

Tuanze na mwanzilishi. Eric Sherbrooke Walker alikuwa rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akatekwa na Wajerumani. Baada ya vita, Marekani ilipopiga marufuku pombe, yeye akawa anaiingiza huko kwa magendo. Huo si uvumi. Aliyaandika mwenyewe kitabuni kwa jina la bandia. Sehemu ya hekaya ni ile ya kwamba hoteli yote ilisimama kwa pesa za magendo. Mimi naipenda, lakini naiweka kando. Linalojulikana ni kwamba yeye na mkewe, Lady Bettie, waliianzisha miaka ya 1920 kando ya mto Chania, uso ukitazama Mlima Kenya, mita 5,199. Mwaka 1932 wakaongeza Treetops, kibanda juu ya mti ndani ya msitu wa Aberdare, ili wageni wakeshe wakitazama tembo na vifaru wakija kunywa maji.

Sasa hapa ndipo penye hekaya kubwa. Umeisikia: binti mfalme alipanda mti, akashuka malkia. Maneno hayo yanatokana na Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui milia kule India, aliyehamia Nyeri uzeeni. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952, Elizabeth alilala Treetops, na Corbett akakesha na bunduki juu ya ngazi. Usiku huohuo, huko Uingereza, Mfalme George VI akafariki usingizini.

Lakini sikilizeni vizuri. Elizabeth alishuka mtini asubuhi bila kujua lolote. Akaenda Sagana, kwenye nyumba aliyopewa kama zawadi ya harusi. Habari zilimkuta huko, mchana. Na zilipitia wapi? Outspan! Katibu wake, Martin Charteris, alikuwa hapa hotelini, na mwandishi wa habari ndiye aliyemfikia na taarifa ya kifo. Charteris akapiga simu Sagana, na mwisho Philip akamwambia mkewe. Kwa hiyo ukisimama Outspan, umesimama mahali habari ile ilipopita kabla hata malkia mwenyewe hajaipata. Hekaya yote imepewa mti, na hoteli hii ikasahaulika. Nikipima kwa nyota, sehemu hii peke yake ina tano.

Ndani ya bustani kuna nyumba ndogo inaitwa Paxtu. Ilijengwa mwaka 1938 kwa ajili ya Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, na mkewe Olave, na ndiyo iliyokuwa makao ya mwisho ya Baden-Powell. Baden-Powell alikuwa akisema kadiri unavyoikaribia Nyeri ndivyo unavyoikaribia raha. Alifariki tarehe 8 Januari 1941. Baadaye Corbett na dada yake Maggie wakaishi humohumo. Leo Paxtu ni makumbusho madogo. Kama una mtoto wa Skauti, mlete, asikose.

Haya, sasa nifikie jambo linaloniuma, na nalisema kwa moyo wote. Masimulizi mengi ya mahali hapa huishia kwa Malkia na Baden-Powell. Mwenyeji hayumo. Mti ule wa Treetops ulikuwa mugumo, na kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa sala. Watu walisali chini yake wakiuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, makao ya Ngai, Mungu wao. Hoteli za walowezi zilikuwa na ubaguzi wa rangi: Mwafrika aliingia kufanya kazi, si kulala kama mgeni. Miaka miwili tu baada ya Elizabeth kulala pale, mwaka 1954, wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma Treetops. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri hapahapa, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka huohuo wa 1957, Treetops ikafunguliwa upya kwa watalii. Mimi siwezi kumsimulia mgeni habari za ule mti nikaruka mambo haya. Ukiwa na mwongozaji, muulize habari za Kimathi waziwazi. Wazee wa Nyeri wanazo.

Sasa ushauri wangu. Amka mapema sana, kabla ya saa moja, utazame mlima. Mawingu yakishaufunika, mara nyingi hauonekani tena mpaka jioni. Kisha nenda makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, mjini Nyeri. Kaburi la Baden-Powell lina alama ya duara lenye nukta katikati, ishara ya Skauti ya kwamba nimerudi nyumbani. Corbett naye amezikwa kwenye makaburi hayohayo, kwa hiyo mtafute kabla hujaondoka.

Nani aje? Anayetaka kuogelea na muziki wa usiku, aende Diani, atafurahi zaidi. Anayependa kusikia mambo ya kale palepale yalipotokea, na yuko tayari kuuliza maswali, aje Outspan, alale angalau usiku mmoja. Na wewe kama babu au nyanya yako aliwahi kufanya kazi Outspan au Treetops enzi hizo, niandikie hapo chini alichokusimulia. Nataka kipindi kijacho kiwe cha hao.